Tulienda Kulala Alikolala Simiyu

Jumatatu. Mvua imenyesha hapa Kianda, mtaani kwetu Nairobi, tangu asubuhi, ile mvua nyembamba isiyo na haraka, na saluni sikufungua. Hakuna anayekuja kusukwa siku ya tope kama hili. Nimekaa kitandani, Mama yuko upande wa pili wa pazia, kimya, na mimi naandika kwa sababu mchana nilipiga simu moja ambayo bado haijatoka kichwani.

Wanaosoma blogu hii tangu zamani wanajua habari ya kaka yangu. Wengine hamjui. Basi nitaanza mwanzo, polepole, maana hata mimi nataka kuielewa.

Simiyu ni kifungua mimba wa mama yetu. Hapa mtaani hakuna anayelijua jina la Mama. Kwa muuza makaa ni Mama Simiyu, kwa mwenye ploti ni Mama Simiyu, hata kanisani mhubiri akimwita aombe husema, Mama Simiyu, tuongoze. Mimi ni Nafula, wa pili na wa mwisho. Sijawahi kusikia mtu akimwita Mama Nafula, na sikuwahi kulifikiria hilo mpaka mwaka huu.

Kaka yangu alikuwa fundi wa mbao Kawangware. Karakana yake ilikuwa ya wazi, kando ya barabara, vitanda na makabati yakiwa yamepangwa juani kama wagonjwa wanaosubiri daktari. Aliishi hukohuko na mkewe Mwende, msichana wa Kitui, na mtoto wao Nanjala. Mwaka jana akapata kazi Pwani, kusini ya Mombasa, kwenye kambi ndogo ya kupiga mahema. Kambi yenyewe ilikuwa kipande cha mchanga chini ya miti ya mivinje, bila stima, bila maji ya bomba. Choo ni shimo lililozungushiwa makuti. Maji ya kisima yana chumvi kidogo. Mwenye kambi alitaka meza, viti na vibanda vya kuogea, na kazi ya wiki chache ikawa ya miezi.

Simiyu alilala kwenye hema kama wageni. Alitutumia picha. Alijifunza kuogelea, mtu mzima na ndevu zake, na alijisifia hilo kuliko vitanda vyote alivyowahi kutengeneza.

Kisha siku moja bahari ilipokupwa alitembea kwa miguu hadi kwenye mwamba, mbali kabisa, na maji yakajaa akiwa huko. Wavuvi walimtafuta mpaka wakachoka. Mwili haukupatikana.

Hayo ni maneno mawili tu. Hujui uzito wake mpaka uishi nayo kwenye chumba kimoja.

Mama aliuza samaki wa kukaanga miaka yote ya utoto wetu. Ndio waliotulisha, ndio waliotusomesha. Tangu habari ile ifike hajagusa samaki. Sasa anauza sukuma wiki na nyanya palepale alipokuwa na karai lake. Mwanzoni wateja walimuuliza, Mama Simiyu, samaki wameenda wapi? Akawafungia mboga. Wakaelewa mmoja mmoja, na wakaacha kuuliza.

Lakini hakulia. Alisubiri. Alisema akirudi atapenda hiki, akirudi tutafanya kile. Kwenye maombi alimtaja pamoja na wasafiri, hajawahi kumtaja pamoja na waliolala. Simu ikiita namba asiyoijua, alikuwa anafuta mikono kwanza kabla ya kuishika.

Nitasema ukweli hapa, kwa sababu nyumbani sina pa kuusemea.

Mimi nilijua siku ileile kwamba amekufa. Nililia, nikamaliza, nikabaki na Mama ambaye macho yake yalikuwa mlangoni. Nikimletea chai aliipokea akitazama mlango. Nikimwambia saluni imepata wateja alisema vizuri, akitazama mlango. Nimemwonea wivu mtu aliyepotea baharini, kaka yangu mwenyewe, na nimemwomba Mungu kaka azikwe hata kama hakuna cha kuzika, ili mama yangu ageuke anione.

Hilo limeandikwa. Naendelea.

Nyumbani kwetu ni Bungoma, upande wa Kimilili. Huko yuko Baba Mdogo Japheth, ndugu ya marehemu baba. Alipiga simu akasema wazee wamekaa na wameona mtu hawezi kuachwa nje. Twende pale alipoonekana mara ya mwisho, tumwite kwa jina, tuchukue udongo wa pale, tuulete nyumbani. Atazikwa kwa udongo huo, na mgomba badala ya mwili, kama wanavyozikwa wasiopatikana. Mama alikataa. Alikataa tena na tena, miezi ikapita. Halafu jioni moja akiwa anachambua mboga akasema, bila kuinua kichwa:

"Tutaenda. Lakini nitalala alikolala."

Mimi na Mwende tulidhani amekubali. Hatukumuuliza anaenda kufanya nini.

Tuliondoka wiki mbili zilizopita, sisi watatu. Mtoto tulimwacha kwa jirani ya Mwende. Mwende aliazima hema kwa vijana wa kanisa lake, na ni yeye aliyelibeba mgongoni, amelifunga kwa leso kama mtoto. Sikuwa nimewahi kuiona bahari. Nilikuwa nikiiwaza kama kitu cha buluu. Siku tuliyofika ilikuwa rangi ya maji yaliyooshewa masufuria, na ilikuwa ikipumua, na mimi nilichoka nayo mara moja.

Kambi ilikuwa tupu. Msimu wa mvua hakuna mgeni. Mivinje ilikuwa inavuma juu yetu kama watu wanaosengenya, na chini yake mchanga ulikuwa na alama za mahema ya zamani, miraba ya ardhi iliyolaliwa. Msimamizi ni mama wa makamo anaitwa Mwanasha, mwenyeji wa hapohapo. Alitoka kwenye jiko lake la makuti akakausha mikono, akatuangalia mmoja mmoja, na macho yake yakasimama kwa Mama. Simiyu alifanana na Mama mpaka paji la uso.

Alisema, "Karibuni. Poleni na safari, na poleni na jambo lililotukutanisha."

Kiswahili chake kilikuwa laini. Chetu, tukijibu, kilikuwa kama kokoto.

Mama aliuliza tu hema la mwanawe lilikuwa wapi. Mwanasha akatupeleka chini ya mvinje mmoja ulioinama, karibu na meza ya mbao. Meza ile ni kazi ya Simiyu. Mama aliiona kabla hatujaambiwa. Akaizunguka, akainama akaangalia chini yake kama mnunuzi, akashika ukingo kwa mikono miwili akaisukuma huku na huku.

Akasema, "Hata haitikisiki."

Ndilo lilikuwa neno lake la kwanza la hiari tangu Nairobi.

Tulipiga hema pale pale. Mimi sikujua chochote kuhusu mahema, Mwende alijua kidogo tu, na ufito mmoja ulikuwa umevunjika, kwa hivyo upande mmoja ulikaa chini kama bega la mtu mwenye huzuni. Mwanasha akatuletea mawe ya kukandamiza pembe. Kisha akatuita kula.

Alikuwa amepika wali wa nazi na samaki. Samaki mzima, mkubwa, kwenye mchuzi mzito, ule ukarimu wa mtu aliyekaa na kufikiria awape wageni nini. Mama alikaa mbele ya sahani. Akaitazama. Akaisukuma sahani taratibu, si kwa hasira, akaweka mikono mapajani.

Nilitaka kueleza lakini sikupata namna. Unamwelezaje mtu jambo hilo akiwa ameshika mwiko? Mwende akawa anatazama chini. Mwanasha alisimama muda mdogo, halafu akaelewa, na uso wake ukabadilika. Akazikusanya sahani zote, hata yake, akaenda nazo jikoni. Aliporudi alikuwa na wali mtupu na maharagwe. Akakaa karibu na Mama akasema yeye pia, siku zile, hakuweza.

Mama akala.

Baada ya chakula alitaka kusikia. Mwanasha akasimulia, na mimi nikaona ameshasimulia mara nyingi, kwa polisi, kwa mwenye kambi, kwa nafsi yake. Alisema Simiyu alimaliza kupigilia mlango wa kibanda cha kuogea, akavua shati, akasema anaenda mwambani kunyoosha mgongo. Bahari ilikuwa imekupwa, watu walikuwa huko wanatafuta pweza, hakukuwa na la kuogopesha. Wale wengine wakaanza kurudi, maana wanazijua dalili. Yeye hakuzijua. Kati ya mwamba na ufuo kuna mfereji, na maji hujaa kwanza pale, nyuma ya mtu, akiwa bado amesimama pakavu.

"Nilimwona amesimama," Mwanasha alisema. "Nilimwita mpaka koo likakauka. Upepo ulikuwa unatoka baharini, sauti yangu ikinirudia usoni."

Mama akauliza, "Ulimwita jina gani?"

"Fundi. Hapa sote tulimwita Fundi."

Mama akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata alichokuwa akikitafuta.

"Basi hakujua ni yeye anayeitwa."

Sijawahi kuona mtu akipigwa bila kuguswa. Mwanasha akachukua upande wa leso yake akafuta macho, na hakujitetea. Nilimwonea haya mama yangu, na papo hapo nikamwonea huruma, na sikujua niangalie wapi.

Mvua ikatuondoa. Ilikuja ghafla kutoka baharini, tukakimbilia kwenye hema, sisi watatu kwenye nafasi ya wawili. Mimi nilikaa katikati. Maji yalikuwa yanagonga turubai karibu na vichwa vyetu na upande ule wa ufito uliovunjika ulikuwa unatulowesha mabega. Tulikaa hivyo alasiri nzima.

Mama ndiye aliyeanza. Alisema amekuwa akifikiria. Kuna visiwa huko. Kuna meli kubwa, za nchi za nje, labda zilimwokota, labda aligonga kichwa akasahau kwao. Alisema mambo hayo yametokea, watu wamerudi baada ya miaka. Alisema atabaki kambini siku chache, azungumze na wavuvi, aonyeshe picha.

Nikajua hapo kwamba hakuja kumchukua. Alikuja kumngoja karibu zaidi.

Mwende alikuwa ametulia tangu asubuhi. Ni mtu mpole, Mwende. Anapouza nguo za mitumba Kawangware hata hajui kupandisha sauti. Alizungumza akitazama magoti yake.

"Mama, mimi nilikuja kumchukua. Sikuja kumtafuta."

"Wewe una haraka," Mama akasema. "Una haraka ya nini?"

Nilijua maana yake. Mwende alijua pia. Yeye bado mdogo, ni mrembo, na Kawangware ina wanaume. Nilidhani atanyamaza, kama anavyonyamaza siku zote mbele ya mkwewe.

"Watu wananiuliza mume wako yuko wapi, nasema Pwani. Nanjala ananiuliza, nasema Pwani. Usiku nikijiuliza mwenyewe, najijibu Pwani. Mpaka lini nitasema Pwani, Mama?"

"Mpaka arudi."

Mwende akafungua zipu ya hema, akatoka mvuani. Akaenda akakaa kwenye ile meza, mgongo wake kwetu, na maji yakamshukia.

Nilipaswa kumfuata. Nilipaswa angalau kusema neno moja, maana kila alichosema kilikuwa moyoni mwangu pia. Sikusema. Nilibaki ndani na Mama. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu aliniegemea, kichwa chake kikawa begani mwangu, na mimi nikakaa bila kusogea kama mtu aliyeshika kitu kitakachoamka. Nje Mwende alikuwa analowa. Nilimwona vizuri kupitia ule upenyo wa zipu.

Huo ndio ukweli. Nilipata nilichokuwa nikikitaka, na kilikuwa na ladha mbaya.

Mwanasha ndiye aliyemfuata. Alimfunika kwa leso akampeleka jikoni, na usiku ule Mwende alilala kwake.

Asubuhi mvua ilikuwa imekatika. Bahari ilikuwa imeenda mbali, imeacha mchanga uliokunjamana na vidimbwi, na mwamba ulionekana kule mwisho kama mstari mweusi wa penseli. Mwanasha alikuja na Mwende. Akasema kama tuna la kufanya, wakati ni huu, maana baadaye hatutaweza kufika. Alikuwa anasema nasi wote lakini akimtazama Mama.

Mama alitembea mbele. Kwa kweli sikutarajia. Alivua viatu, akapandisha sketi, akakanyaga maji ya vidimbwi kama anayevuka tope la Kianda. Tulifika ukingo wa ule mfereji. Mwanasha akainua mkono akaonyesha. Pale. Palikuwa pahali kama pengine popote. Nadhani hicho ndicho kilichoniumiza, kwamba hapakuwa na chochote.

Nilikuwa na mkebe mtupu wa maziwa ya unga. Baba Mdogo alisema mama mzazi ndiye wa kuita, mara tatu, halafu udongo uchukuliwe bila kugeuka nyuma. Tukasimama. Upepo ulikuwa mdogo siku hiyo. Mama akavuta pumzi, nikaona kifua chake kinajaa, nikasema moyoni sasa.

Akaiachia pumzi bila neno.

"Siwezi," akasema. "Nikimwita hivi, mimi ndiye nitakuwa nimemzika."

Hakuna aliyemlazimisha. Tulisimama mpaka maji yakaanza kurudi, yakitambaa kwenye vifundo vya miguu yetu. Mwanasha akasema kwa sauti ya chini kwamba hatuna muda. Nikamtazama Mama, Mama akamtazama Mwanasha, na hapo katikati ya kutazamana kwetu Mwende akapita, akasimama kwenye maji ya magoti, akaweka mikono mdomoni.

"Baba Nanjala!"

Hakuita kama mtu anayefanya tambiko. Aliita kama alivyokuwa akiita pale karakana, chakula kikiwa tayari na misumeno ikipiga kelele. Aliita mara ya pili. Mara ya tatu sauti ilikatika na jina likatoka nusu.

Mimi nikainama nikachota mchanga. Ulikuwa mzito, unavuja maji katikati ya vidole. Nikaujaza mkebe, nikafunga kifuniko, tukarudi bila kugeuka. Mama alikuwa ametutangulia. Yeye alikuwa ametupa mgongo kabla Mwende hajamaliza.

Tuling'oa hema. Mama hakusema tena habari ya kubaki. Akimuaga Mwanasha alimshika mkono, akaushika muda mrefu. Sijui kama ulikuwa msamaha au kuombana msamaha. Labda ulikuwa mkono tu.

Safari yote ya kurudi Mama na Mwende hawakuzungumza. Tulipofika Nairobi, Mwende alitaka kwenda na mkebe Kawangware, ukae nyumbani kwake mpaka siku ya safari ya Bungoma, kama ingekuwapo. Nikadhani Mama atafurahi kuuondoa machoni. Akanyoosha mkono.

"Utakaa kwangu."

Mwende akautoa bila kubishana. Akapanda boda akaenda, hema mgongoni.

Mkebe ukawekwa mezani, juu ya kitambaa cheupe alichofuma Mama mwenyewe. Siku zilizofuata maji yalivuja kidogo chini yake, yakakauka, yakaacha mstari wa chumvi kwenye kitambaa. Mama aliona. Aliupangusa kwa kidole, halafu akakiangalia kidole, halafu akaendelea kupanga nyanya. Alienda sokoni kila siku. Alirudi kila siku. Alikula. Mimi nilikuwa namtazama kama mtu anavyotazama sufuria ya maziwa, na hakuna kilichotokea.

Jana, Jumapili, alivaa nguo za kanisa akatoka mapema. Nilipofika kanisani kiti chake kilikuwa kitupu. Nilimaliza ibada nimekaa kwenye miiba. Nilizunguka mtaa jirani wa Olympic, nikauliza hata mtaa wa Kambi Muru kwa rafiki yake wa zamani. Simu yake alikuwa ameiacha nyumbani, inachaji.

Alikuwa ametembea kwa miguu mpaka Kawangware.

Mwende alinieleza jana jioni, kwa simu. Alisema aligeuka na beseni la nguo akamkuta Mama mlangoni, viatu vimejaa tope. Aliogopa, alidhani amekuja kugombana. Mama akaingia akakaa. Akanywa chai. Akambeba Nanjala akamtazama paji la uso. Akaomba aonyeshwe vifaa vya Simiyu, na Mwende akavitoa chini ya kitanda: randa, patasi, nyundo yenye mpini alioubadilisha mwenyewe. Mama alivishika kimoja kimoja, akavirudisha.

Kisha akamuuliza Mwende, "Ulipomwita, ulisikia nini?"

Mwende anasema angeweza kudanganya. Angeweza kusema alisikia upepo, au amani, mambo ambayo watu husema. Lakini alikuwa amechoka kudanganya.

"Sikusikia kitu, Mama. Nilisikia tu kwamba nimechoka."

Mama akasema, "Hata mimi, mwanangu."

Mwende alikuwa analia aliponieleza. Si kwa sababu ya kuchoka. Ni lile neno mwanangu. Tangu aolewe hakuwahi kuitwa hivyo.

Mama alirudi jioni kabla giza halijaingia, amelowa. Nilimpa kanga kavu. Sikumuuliza alikuwa wapi na hakuniambia.

Leo basi. Leo hakwenda sokoni. Alikaa upande wake wa pazia na mimi upande wangu, mabati yakilia juu, na mchana aliniita.

"Nafula. Mpigie Japheth. Mwambie tunakuja Ijumaa."

Nilipiga. Baba Mdogo alipokea papo hapo, nadhani amekuwa akiingoja simu hii kwa miezi. Nikamwambia. Akashukuru Mungu. Akasema atawaita watu, ataandaa mgomba, ataongea na mchungaji. Akauliza tumeleta udongo kiasi gani. Nikamwambia ni mkebe. Akasema vizuri, maana mvua huko ni nyingi na vijana wa kuchimba ni wachache. Kwa kuwa ni mkebe na mgomba, shimo dogo litatosha.

Simu ilikuwa kwa sauti kubwa, Mama amesikia yote. Pazia likafunguka. Akanyoosha mkono nikampa simu, na akaizungumzia akiwa amesimama wima, kama mtu aliye mbele ya kanisa.

"Japheth. Mtoto wangu alikuwa mrefu. Chimba la mtu mzima."

Baba Mdogo akasema sawa, shemeji. Akasema sawa mara kadhaa. Mama akanirudishia simu, akarudi upande wake, akavuta pazia.

Na tangu hapo niko hapa. Mvua haijakoma. Nimemsikia akivuta sanduku, akikunjua nguo, akizikunja tena. Nimemsikia akipenga kamasi. Analia sasa, taratibu, na sijaenda kwake bado kwa sababu nadhani kilio hicho ni chake na amekichelewesha sana.

Alikuwa mrefu. Kwa muda wote huu Mama hakuwahi kusema alikuwa. Alisema ni mrefu, ni mchapakazi, anapenda chai ya tangawizi. Mimi nilikuwa nikilingoja neno hilo kama mtu anavyongoja mlango ufunguliwe, nikiamini litakapotoka mdomoni mwake nitapumzika.

Limetoka. Mbona ninatamani alirudishe?